Kikopo cha Kuazima

Mtu akitaka kuaibika Handeni si lazima aibe mbuzi. Inatosha akabidhiwe kikopo cha plastiki chenye kifuniko cha njano, aonyeshwe choo cha nyuma ya zahanati, na binti aliyevaa koti jeupe amwambie kwa sauti inayofika benchi la mwisho, "Mzee, usiwe na haraka."

Muhidini hakuwa mzee. Alikuwa hajafika hata arobaini, na neno lile ndilo lililommaliza nguvu kabla hajafunga mlango.

Binti mwenyewe aliitwa Daktari Rhoda. Alikuja na wenzake kutoka Korogwe wakiwa na shida moja tu, kujua zebaki inawafanya nini wanaume wa machimbo ya Kwa Mkaidi. Wachimbaji wa pale hukamata dhahabu kwa zebaki. Unaimimina kwenye karai la mchanga uliosagwa, unaikoroga kwa mikono, unaikamua kwenye kitambaa, kinabaki kidonge kizito cheupe. Kidonge hicho unakiweka kwenye kopo juu ya jiko la mkaa, zebaki inapaa kuwa moshi, dhahabu inabaki. Moshi wenyewe hauna harufu, na kitu kisichonuka kwa watu wa Kwa Mkaidi hakihesabiwi kuwa uchafu. Muhidini na mdogo wake Mustafa ndio waliokuwa wachomaji wa machimbo yote. Walichomea uani kwa Muhidini, na mara nyingine kwenye jiko lilelile ambalo mkewe alipikia maharage.

Watafiti walitaka damu ya mkononi, na walitaka na mbegu za kiume, hizo za kwenye kikopo. Damu Muhidini aliitoa kishujaa, hata macho hakufumba. Shughuli ilikuwa kikopo.

Wala asingekwenda kabisa, lau si Hajira. Ndoa yao ilikuwa imeingia mwaka wa tisa bila mtoto. Hajira alishapimwa, akaambiwa hana tatizo lolote, akarudi akamwomba mumewe naye akapime. Muhidini alikuwa na jibu moja, na jibu hilo lilikuwa limeziba kila mdomo wa kijijini. "Mimi na Mustafa tunavuta moshi mmoja, jiko moja, tangu ujana. Mustafa ana watoto sita. Zebaki ingekuwa inaua mbegu, wale sita wametoka wapi?" Mtu angejibu nini? Watoto sita walikuwa wanapita hapohapo wakifukuza kuku. Basi macho yote yaligeuka kumtazama Hajira, na macho makali kuliko yote yalikuwa ya mama mkwe, Bi Hafsa, ambaye alikuwa na kipaji cha kuugulia wajukuu mbele ya wageni.

Safari hii Hajira hakuomba. Alisema, "Wamekuja mpaka hapa. Usipokwenda, nitajua unaogopa." Muhidini akaenda, kwa sababu hakuna mwanamume anayekubali kwamba anaogopa kikopo.

Choo kilikuwa na ndoo, tundu, na kiota cha nyigu pembeni mwa bati. Muhidini alisimama humo akitoka jasho. Nje watu walizungumza bei ya mahindi. Halafu ikaja sauti ya Bernardo.

"Mtani! Humo ndani unachimba duara la dhahabu?"

Benchi zima likaangua kicheko. Bernardo alikuwa fundi wa krasha za kusagia mawe, Mnyamwezi wa Korogwe, ambaye babu yake aliletwa kukata mkonge akasahau njia ya kurudi Tabora. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana ruhusa ya kukutukana hata siku unayozikwa, nawe huna ruhusa ya kununa. Muhidini hakununa. Ila kile kidogo kilichokuwa kimeanza kujitokeza kilirudi kilikotoka, na hakikuonekana tena.

Ndipo Mustafa, aliyekuwa amemsindikiza kaka yake, alipozunguka nyuma na kunong'ona kwenye tundu la hewa.

"Kaka, vipi?"

"Imegoma."

"Leta."

Hawakuzungumza zaidi ya hayo. Kikopo kikapita tunduni, Mustafa akaingia choo cha jirani, na Muhidini hajamaliza kuwachunguza nyigu kikawa kimerudi, kina joto, na kifuniko kimefungwa vizuri kabisa.

Msomaji asimwone Muhidini tapeli. Tapeli anajua anadanganya, na Muhidini siku ile hakuona uongo uko wapi. Mustafa na yeye ni tumbo moja, baba mmoja, mama mmoja. Watoto wa Mustafa wanamwita baba mkubwa, na akifa ndio watakaomfukia. Mnunuzi wa mahindi akija Handeni hamwagi gunia zima chini. Analichoma bambo mahali pamoja, punje zinateremka kiganjani, anazitafuna, anajua gunia lote likoje. Sasa ukoo ni gunia, na bambo limechoma kwa Mustafa badala ya kwa Muhidini. Kuna tofauti gani? Alitoka chooni akiwa na dhamiri safi, akakikabidhi kikopo kwa mikono miwili kama mtu anayetoa mahari.

Wiki haikuisha Daktari Rhoda akampa majibu ya awali. Mbegu ni nyingi, alisema, na zina mbio. Akaongeza kwamba damu na kilichobaki kikoponi vimepelekwa kupimwa zebaki na vinasaba, kwamba majibu kamili yatakuja baadaye, na kwamba asifanye uamuzi wowote kwa sasa. Muhidini alisikia mpaka kwenye mbio. Mengine yote yalimpita.

Hajira alikuwa anamngoja mlangoni.

"Amesemaje?"

"Daktari amesema mbegu ni nzuri."

Ukiipima sentensi ile neno kwa neno, huwezi kuikuta na kosa. Daktari alisema. Mbegu zilikuwa nzuri. Nyingine zilikuwa darasa la tatu tayari.

Hajira alimsogelea. "Nitazame usoni, Muhidini. Sema tena."

Muhidini aliitazama khanga yake, akaiambia khanga kwamba daktari amesema mbegu ni nzuri. Na hapo uani, akichambua mchele kwenye ungo, alikuwa Bi Hafsa, ambaye magoti yake yalikuwa mabovu lakini masikio yake hayajapata kuugua hata siku moja. Ungo ukawekwa chini. Bi Hafsa akajifunga ushungi wake wa kutokea, na alasiri ileile habari ilikuwa imefika bombani.

Bombani ndiko aibu inakogawiwa huko kwao. Wanawake hupanga foleni ya ndoo, na maneno huenda haraka kuliko maji. Hajira alipofika na ndoo yake ya bluu, aliyoiandika herufi ya jina lake kwa rangi ya kucha, wakanyamaza. Kisha mmoja akasema, bila kumtazama, kwamba kuna mashamba mengine ukiyapanda mbegu bora unavuna mawe. Wengine wakacheka kwenye khanga zao. Hajira aliiacha ndoo palepale kwenye foleni, tupu, akageuka. Kesho yake asubuhi alipanda gari la kwenda kwao Vugiri, milimani huko Korogwe, na hakumuaga mtu.

Bi Hafsa hakupoteza muda. Kufikia Jumapili alikuwa amepata binti wa Kerenge, mwenye nyonga za kuaminika, kwa maneno yake mwenyewe, na posa ikapangwa Ijumaa. Muhidini hakukubali wala hakukataa. Alikuwa anakula chakula cha mama yake na kukiona hakina ladha. Aligundua kwamba hajui sabuni inakaa wapi. Aligundua pia kwamba asubuhi mkono wake wa kulia unatetemeka akishika kikombe cha chai, jambo ambalo zamani hakulitambua kwa sababu Hajira ndiye aliyekuwa akimjazia kikombe nusu, ili isimwagike, na hakuwahi kulitaja. Alimpenda mkewe. Ni vizuri kulisema wazi, maana yeye mwenyewe hakuwa amelisema, na alianza kushuku kwamba pale lilipotakiwa kusemwa yeye alikuwa ameitazama khanga.

Jumatano Daktari Rhoda akampigia simu: majibu ya damu yametoka, aje Korogwe. Bernardo alikuwa anakwenda huko kutafuta beringi ya krasha, akampakia kwenye pikipiki yake. Watafiti walikuwa wamepanga chumba kimoja mjini, chenye meza, hadubini, na dirisha la wavu. Bernardo alibaki nje, chini ya dirisha hilohilo, akinunua miwa.

"Kaa, mzee," alisema Daktari Rhoda. "Nina swali moja. Damu hii ni yako?"

"Yangu. Uliitoa mwenyewe."

"Na ile ya kwenye kikopo?"

Muhidini aliifikiria. "Ni ya kwetu," alisema.

Daktari aliinamisha kichwa kidogo, na ilionekana wazi kwamba anapigana na uso wake. Uso ukashinda. Alipomaliza kucheka alifuta macho, akaomba radhi, akaeleza. Vinasaba vya kwenye damu na vya kwenye kikopo si vya mtu mmoja. Vimekaribiana sana, kama vya ndugu wa baba na mama, lakini ni watu wawili.

"Ndiyo, ni mdogo wangu," alisema Muhidini. "Tumbo moja. Kwani kuna tofauti?"

Nje mtu alipaliwa na muwa.

"Tofauti ndiyo iliyotuleta huku," alisema daktari. "Zebaki inamdhuru kila mtu. Lakini miili haifanani katika kuitoa. Chukulia kwamba ndani ya mwili kuna vifagio vinavyoifagia. Vinasaba ndivyo vinavyoamua utakuwa na vifagio vizuri au vilivyopukutika. Nyinyi wawili mmevuta moshi mmoja. Mdogo wako anaufagia. Kwako wewe unabaki, unatulia kwenye damu, na tunavyoona sisi, unashuka mpaka kwenye kiwanda cha mbegu. Kwenye damu yako kuna zebaki nyingi kuliko ya mwanamume yeyote niliyempima Kwa Mkaidi."

Muhidini alisikia hasira, na hasira ilitoka mahali ambapo hakuitegemea. "Mimi ndiye mkubwa. Vifagio vizuri kwa nini apewe mdogo?"

"Hakuna aliyempa. Baba ana mafungu mawili, mama ana mawili. Kila mtoto anachota moja kwa baba na moja kwa mama, bila kuchungulia. Mwenzako alichota vizuri. Wewe ulichota vibaya pande zote mbili."

"Yaani hata kwa mama?"

"Hata kwa mama."

"Bi Hafsa!" ikalia sauti dirishani. "Jamani, kumbe ni Bi Hafsa!"

Daktari akalifunga dirisha. Joto likaongezeka, lakini heshima kidogo ikarudi. Akampa kikopo kingine, na safari hii Muhidini hakuhitaji msaada wa ukoo. Alikuwa na hasira na kila mtu, na hasira nayo ina kazi zake. Baadaye daktari akamwita aangalie mwenyewe kwenye hadubini. Muhidini aliweka jicho. Alikuwa amezoea kutafuta punje ya dhahabu kwenye karai la mchanga, lakini hapa ilimbidi atafute zaidi. Moja ile pale. Nyingine kule, inazunguka palepale kama kuku aliyekatwa kichwa. Nyingine zimelala tu.

"Hizi ndizo zangu?"

"Ndizo."

"Na zile za mbio?"

"Zile ni za mwenyewe."

Aliondoa jicho kwenye hadubini. Daktari akasema sasa kwa upole kwamba hawezi kuapa kuwa zebaki na vinasaba ndiyo sababu yote. Akiacha kuchoma, akauondoa ule moshi nyumbani, baada ya miezi kadhaa huenda mbegu zikajirekebisha. Huenda. Yeye hamuahidi mtu mtoto. Na Mustafa naye asishangilie, maana mbegu zake zimenusurika, lakini figo zake hazijaulizwa. Mwisho akauliza, "Mkeo anajua kikopo kilikuwa cha nani?"

Muhidini akavaa kofia yake.

Nje, Bernardo alimtazama, akafungua mdomo, akaufunga. Kwa Bernardo hilo lilikuwa tukio. "Beringi inaweza kungoja," alisema. "Panda. Vugiri tutafika kabla jua halijazama."

Pikipiki ikapanda milima ikilia. Njia nzima Muhidini alikuwa anatunga maneno. Huko kwao mke akirudi kwa wazazi, mume humfuata akiwa na msemaji, na msemaji ndiye hueleza shauri mbele ya wazee, mume akiwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesoma vidole vyake vya miguu. Ni utaratibu mzuri sana kwa waoga. Na nani msemaji bora kuliko mtani? Mtani hulisema la aibu kwa utani, watu wakacheka, aibu ikayeyuka kwenye kicheko, mwenyewe akapona. Mpaka wanafika kwenye migomba ya Mzee Mwinjuma, baba yake Hajira, Muhidini alikuwa ameshalikabidhi shauri lote kwa Bernardo moyoni mwake.

Walipokewa. "Shikamoo, mzee," "Marahaba," chai ya tangawizi ikaletwa, kwa sababu Vugiri kuna baridi na kwa sababu hata mkwe mbaya ni mgeni. Mjomba wake Hajira akaitwa. Hajira mwenyewe alikaa kwenye kigoda karibu na mlango akipukuchua maharage kwenye ungo, hakuinua uso. Muhidini alimwona amekonda.

"Haya," alisema Mzee Mwinjuma. "Mmetufuata. Semeni."

Wote wakamgeukia Bernardo. Bernardo aliweka kikombe chini, akajifuta mdomo.

"Mzee, mimi ni mtani wa huyu. Nimemcheka tangu tukiwa na meno ya utoto, na Mungu akinijalia nitamcheka kwenye jeneza. Lakini hili silisemi mimi. Nikilisema mimi mtacheka, na likichekwa litakuwa halijasemwa. Aliseme mwenyewe."

Muhidini alimtazama kwa macho ya mtu aliyesukumwa kisimani. Akakohoa. Akaanza na Mungu, akapita kwenye subira, akafika kwenye maabara. "Kulikuwa na hitilafu kidogo ya kitaalamu," alisema, "kwa upande wa sampuli."

"Hitilafu gani?" Ni Hajira, bado anatazama maharage.

"Ya… ya kikopo."

"Kilitoboka?"

Mjomba akakohoa. Muhidini akavua kofia, akaiweka mapajani. Ndipo akaacha kutunga.

"Kikopo kilikuwa cha Mustafa," alisema. "Mimi nilishindwa. Mustafa akanisaidia. Zile mbegu nzuri ni za Mustafa. Zangu nimeziona leo Korogwe kwa macho yangu, ni chache na hazina nguvu. Zebaki imenikalia mwilini kuliko yeye, ndivyo tulivyozaliwa. Hajira hana kosa. Hakuwa nalo tangu mwanzo."

Jogoo alilia bila sababu.

"Ngoja nielewe," alisema Mzee Mwinjuma taratibu. "Yaani uliazima?"

Mjomba alitoka nje haraka, na sauti zake huko nyuma ya migomba hazikuwa za kilio. Nguo ya kuazima haisitiri matako, wahenga walisema, na walisema hivyo bila hata kukiona kikopo. Lakini Hajira hakucheka. Aliweka ungo chini, akainua uso, akamtazama mumewe moja kwa moja.

"Siku ile nilipokwambia unitazame usoni. Ulijua?"

"Nilidhani sisi na Mustafa ni kitu kimoja, kwa hiyo…"

"Sikuulizi ulidhani nini. Nauliza kama ulijua kikopo si chako."

"Nilijua."

Akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyethibitishiwa bei. "Baba, faini msitoze. Mbuzi wake sina haja naye. Mimi sikuaibishwa hapa, hapa wananijua. Nimeaibishwa bombani." Akamgeukia Muhidini. "Kalisemee huko. Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, si kwa mtani. Halafu ndiyo tutaona kama nina mume."

Afadhali wangemtoza mbuzi. Afadhali wangemtoza ng'ombe. Usiku ule Muhidini hakulala vizuri, na Alhamisi mchana, akiwa amerudi Handeni, alikaa uani akitazama lile jiko. Posa ilikuwa kesho. Angeweza kunyamaza tu. Kerenge kuna binti wa nyonga za kuaminika, na mwaka kesho, na mwaka wa kufuata, naye angeanza kutazamwa tumbo, na bombani wangempa jina. Muhidini akayaona hayo yote wazi, pengine kwa mara ya kwanza, na akajisikia vibaya kuliko alivyojisikia kwenye hadubini. Akasimama. Ndoo ya Hajira aliikuta imeegeshwa nyuma ya nyumba ya mama yake, ina vumbi.

Alasiri bomba lilikuwa limejaa. Mwanamume na ndoo kwenye foleni ya bombani ni maonyesho, na watu walianza kutabasamu kabla hajafungua mdomo. Bi Hafsa alikuwepo, kwenye kivuli cha ukuta, akipokea pongezi za posa. Muhidini alisimama kwenye zege la bomba akiwa na ndoo mkononi.

"Mama zangu na dada zangu," alisema. "Mlimcheka mke wangu hapa. Mlimcheka bure. Kikopo cha zahanati hakikuwa changu. Nilikiazima kwa Mustafa."

Mke wa Mustafa alikuwa wa tatu kwenye foleni. "MUSTAFA?" alisema, na ndoo yake ikaanguka.

"Shamba halina mawe," Muhidini akaendelea, maana sasa alishaingia mtoni hadi kiunoni. "Mbegu zangu ndizo mbovu. Zebaki imeziharibu. Za Mustafa haikuziharibu kwa sababu kazaliwa na mwili mwingine, japo tumbo ni moja. Hivyo ndivyo ilivyo. Kuchoma nimeacha, kuanzia leo nitabeba mawe kwenye krasha ya Bernardo. Na kesho siendi Kerenge."

Walicheka. Walicheka mpaka wakakaa chini. Walicheka hata wale ambao hawakusikia vizuri, na mmoja akauliza kama kikopo chenyewe kilirudishwa kwa mwenyewe. Bi Hafsa alijifunika mdomo kwa ushungi na kusema kwamba kuna mtu kamroga mwanawe. Muhidini alikuwa na jibu la hilo, kutoka kwa daktari, kuhusu nani alichota nini kwa nani, lakini alimtazama mama yake na magoti yake mabovu, akalimeza. Bernardo ndiye mwenye siri hiyo, kwa hiyo ingeishi siku mbili.

Alisubiri kicheko kiishe. Hakikuisha upesi, lakini kilipungua kwa namna ya ajabu, kuanzia nyuma ya foleni kuja mbele. Wanawake walikuwa wanapisha. Hajira alikuwa amesimama nyuma yao na mfuko wake wa safari, vumbi la barabara ya Korogwe kwenye viatu. Hakuna aliyejua amefika saa ngapi. Yule aliyesema habari ya mawe alianza kutafuta kitu chini.

Hajira akaja mpaka bombani.

"Hii ndoo yangu nani kaileta?"

"Mimi."

"Ijaze."

Aliifungulia maji. Ilijaa mpaka mdomoni, wote wakitazama. Muhidini aliishika mpini akainyanyua, na mkono ukaanza ule mchezo wake, maji yakaruka kwenye suruali yake, na kicheko kingine kikawa tayari kwenye koo za watu. Hajira aliuona ule mkono. Alikuwa ameuona siku nyingi kuliko mwenyewe. Akaweka mfuko begani, akashika mpini upande wa pili.

"Taratibu," alisema. "Usimwage. Na usidhani nimekusamehe."

Wakaondoka nayo hivyo, huyu huku na huyu huku, bila kusemeshana, na maji hayakumwagika tena mpaka mlangoni.